Mayai Manane Niliyomeza kwa Ajili ya Sauti

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Mlioguna mlipoona jina langu juu ya ushuhuda huu, nimewasikia. Ndiyo, mimi ndiye niliyemvalisha mbuzi wa mchungaji joho la kwaya. Leo sikuja na utani. Nimekuja nao kidogo tu.

Nasoma kidato cha tatu na naishi na bibi yangu hapa Kitahana. Tunamwita Nyogokuru, yaani bibi kwa Kirundi. Alipokimbia vita Burundi akiwa binti, alivuka mpaka hana sufuria wala mkeka, ila mgongoni amefunga kuku kwa kitenge kama mtoto. Alikuwa kishingo, yule kuku wa kienyeji asiye na manyoya shingoni. Kuku wote wa uani kwetu walitoka kwake. Ndugu wengi wa Nyogokuru walibaki kule na hakuwaona tena, kwa hiyo usimwambie kwamba kuku ni kitoweo tu. Kwake hao ndio ukoo aliotoka nao.

Sasa hivi macho yake yana ukungu, ana mtoto wa jicho. Hata hivyo kila yai analochagua liatamiwe hulichora msalaba wa mkaa, ili kuku mwingine akitaga mlemle kiotani, la mgeni lijulikane. Yai lenye msalaba haliliwi, hata aje askofu.

Mimi nililila.

Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa tamasha la Kasulu, na sauti yangu ilikuwa imeanza kukwaruza kama mlango wa choo. Wenzangu wakaapa kwamba yai bichi la kienyeji hulainisha koo, la kisasa wapi! Jirani yetu anafuga kuku wa mayai, wale ambao hawajawahi kuona jogoo. Nikimfagilia banda, hunipa mayai madogomadogo. Basi nikawa nameza yai la msalaba, naweka la jirani mahali pake, kisha nalichora msalaba wangu. Misalaba yangu ilinyooka kuliko ya Nyogokuru! Kati ya mayai kumi na moja, nilimeza manane. Na Kasulu tulishika mkia.

Kisha kikaingia kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku. Ndugu zangu, msiombe! Ndani ya wiki moja uwanja ukanyamaza, asubuhi hakuna wa kuwika. Alibaki kishingo mmoja aliyekuwa anaatamia. Siku ya kumi ya kuatamia, asubuhi, tukamkuta amekauka juu ya mayai, mabawa ameyatandaza.

Nyogokuru hakulia. Aliyachukua mayai yakiwa bado na joto kidogo, akayafunga tumboni kwa kitenge, akaniagiza niwaite wazee wa kanisa. Wakaja, wakaweka mikono juu ya lile tumbo, wakaomba kwa machozi. Mama mmoja akashindwa kujizuia akacheka, maana ilikuwa kama wanaombea mimba ya bikizee. Kwa kawaida ningecheka mimi wa kwanza. Lakini nilikuwa naitikia Amina huku najua wanamwomba Mungu atotoe mayai yasiyo na baba.

Jirani alikuwa na bata anayelalia, na bata kideri hakimsumbui sana. Ila bata ana mayai yake pia, asingeweza kubeba yote; ilibidi tuchague yenye uhai. Nyogokuru akaniita jikoni, tukafunga mlango ili giza liingie.

"Washa tochi ya simu," akasema. "Uwe macho yangu."

Nikalishika yai la kwanza juu ya mwanga. Jeupe, tupu kama glasi ya maji. La pili, hivyohivyo. La tatu. Kila mara Nyogokuru aliuliza naona nini, nami nikajibu sioni kitu. Nilipofika la sita, mkono wake ulianza kutafuta ukuta wa kuegemea. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote: koo, tamasha, mayai ya jirani, mkaa.

Nyogokuru alilichukua la sita mkononi mwangu, akaliweka chini.

"Kumbe kideri kiliingia kabla," akasema. "Kilikuwa kinalala humu ndani."

Ndugu zangu, nimechapwa viboko vingi, lakini hakuna kilichowahi kufika pale.

Akanisukumia mayai yaliyobaki. La saba tupu, la nane tupu. Nikainua la tisa. Mishipa myekundu ilikuwa imetambaa humo ndani kama vijito mvua zikianza, na katikati kulikuwa na kidoto cheusi. Kikaruka! Kikatulia, kikaruka tena. Mimi ambaye kinywa hakifungwi hata wakati wa mahubiri nilikosa neno.

"Umenyamaza," akasema Nyogokuru. "Basi umeona."

Yenye uhai yalikuwa matatu, tukayaweka chini ya bata. Kesho yake nilisimama mbele ya wazee walewale nikatubu, kisha kila siku nikawa nampelekea bata maji. Siku ya ishirini na moja nikasikia yai linalia. Yai zima, halina hata ufa, na ndani yake mtu anapiga kelele! Nikakimbia nalo, nikaliweka kwenye sikio la Nyogokuru. Alifumba macho. Nasi tukakaa hivyo hadi ganda likapasuka mkononi mwake, akapapasa shingo kwa kidole kimoja. Ilikuwa tupu.

Mmoja alifia ndani ya ganda. Wawili waliishi, tetea na jogoo, ingawa bata alitaka kuwapeleka kuogelea. Namshukuru Mungu anayejua moyo unaodunda gizani, na aliyeujua wangu pia. Ndugu yangu, kama kuna yai umelibadilisha mahali, sema leo. Mwamini Yeye, aliyobakiza yanamtosha.

Juzi tetea alitaga yai lake la kwanza. Nyogokuru alilipapasa, akanipa kipande cha mkaa.

"Chora wewe."

Nikachora, msalaba ukatoka umepinda.