Tanuri Letu Halijazimwa

Mgeni rasmi, karibu katika kiwanda chetu cha chupa. Tumefurahi kukuona, lakini tuseme kweli tangu mwanzo: tuna wasiwasi, na hutamaliza kusikiliza kabla hujajua kwa nini.

TULIKOTOKA

Uchumi ulipoyumba, mwenye kiwanda alifunga ofisi akaenda zake. Tukabaki watu themanini na tanuri moja. Tanuri la kioo haliachwi lipoe. Likipoa, kioo huganda tumboni mwake, matofali hupasuka, na habari yake imekwisha. Mkuu wa tanuri, mama tunayemwita Mama Joto, alikataa kwenda nyumbani. Akapanga zamu, akaomba maranda kwa maseremala wa mtaa, akalilisha tanuri miaka miwili bila kutoa hata chupa moja. Mumewe alimuuliza kama ameolewa na yeye au na moto. Akamjibu, "Wewe ukipoa nitakufunika blanketi. Hilo je?"

TULIPOFIKA

Leo kiwanda ni ushirika wetu; tunayeyusha vioo vilivyovunjika vya mji mzima kuwa chupa, na mitaro imepumua. Sote themanini tuna kazi.

KINACHOTUSUMBUA

Juzi maofisa wako walikuja na ratiba. "Zimeni tanuri, mgeni aje aliwashe mwenyewe, picha zipendeze."

Mama Joto akamwambia mkubwa wao, "Mwanangu, hili likizimwa haliwaki tena."

"Ratiba imeshapitishwa, mama."

"Basi ratiba na iyeyushe chupa."

Wakanuna. Wakasema tusipozima, hutasaini mkataba wa kuuza chupa zetu kwenye hospitali za umma. Bila mkataba huo hatufiki mwisho wa mwaka. Tukaogopa, tukaitikia ndiyo, na tanuri hatukuligusa.

OMBI

Mgeni rasmi, kitufe chekundu kilicho mbele yako hakiwashi tanuri. Waya wake unaishia kwenye kengele. Tulikusudia ubonyeze, kengele ilie, tufungue mlango wa tanuri na kupiga makofi. Asubuhi hii Mama Joto akatuuliza, "Tumehangaika miaka yote ile ili tuje kumdanganya mtu kwa kengele?" Tukaona aibu, ndiyo maana tunayasema haya hadharani, mbele ya kamera.

Tunaomba ukiache kitufe, uende mlangoni ukaone moto wenyewe, halafu utie saini. Ukikataa tutaumia, hatufichi. Lakini kuzima hatuwezi.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, na aubariki mkono wako na kila utakachokiandika leo.

Ni sisi, wafanyakazi themanini wa Ushirika wa Chupa. Tuliosimama mbele yako ni sabini na tisa. Mama Joto yuko zamu.