Papai Lililorukwa

Kwenye bajaji ya kwenda Kawajense, Matilda alikaa katikati ya watu wawili wasiojuana. Kulia kwake Nassib, mwenye duka, ndevu zimeshaingia mvi, alikuwa akicheza gemu kwenye simu. Kushoto, Sikuzani, muuza matunda wa sokoni, alikuwa akichungulia jinsi mtu wa kwenye gemu alivyokimbia akiokota matunda.

"We kaka, mbona papai umeliruka?" Sikuzani aliuliza. "Papai halina kazi, dada. Natafuta nanasi, ndilo linaloongeza uhai." "Nanasi? Hilo si linachubua ulimi tu! Rudi ulichukue papai, litaoza." "Humu matunda hayaozi." "Hata kama! Rudi!"

Matilda hakuwa na shida na papai, lakini naye alijikuta amekodolea macho simu. Nassib alisita, akamrudisha mtu wake. Alipoligusa papai tu, jiwe likamporomokea, akafa.

"Hatua ya mwisho, dada! Wiki nzima naihangaikia!" Nassib alikaribia kulia. "Pole. Afadhali amekufa ameshiba," Sikuzani alimfariji. "Ameshiba wapi? Ameligusa tu!" "Kwangu mteja akigusa, amenunua."

Bajaji ikasimama. Matilda alikuwa amefika kwake, lakini hakutaka kushuka kabla Nassib hajajibu.