Bati la Njano la Santa Eduviges

Benchi la Santa Eduviges liko mbele ya karakana ya pancha, kando ya barabara kuu inayotoka mpakani Tijuana na kushuka rasi yote mpaka nchi inapokwisha. Ni bati nene la njano ambalo Nati, fundi wa pancha, alilileta kwa pikapu yake baada ya dhoruba ya Septemba, akalilaza kifudifudi juu ya matairi mabovu ya lori. Delfina, muuza kahawa, alilishonea mto, kwa kuwa Mzee Redio ana nyonga mbovu na hajui kuomba kitu. Siku hiyo ya Januari chungu kilikuwa kimejaa kahawa ya mdalasini, Remedios mdogo alikuwa amelala mgongoni mwa Delfina, mama yake, na vikombe viwili vya bluu vilikuwa vimefunikwa sahani tangu saa sita mchana. Vilikuwa vya Don Orville na mkewe Doña Maeve, wazee wa Kanada wanaoshuka kila mwaka na gari-nyumba lao kutafuta barabara za kale. Sasa ilikuwa saa kumi, na hawajafika.

— Saa nne nzima! akasema Mzee Redio, ambaye hakuna aliyewahi kumzima. Kutoka kituo cha mafuta mpaka hapa, hata punda wa marehemu mama yangu angeshafika.

— Wamekamatwa hao, akasema Nati. Wanajeshi pale kizuizini wamewakuta na matofaa, na matunda ya nje ni marufuku.

— Mtu hafungwi kwa tofaa, we Nati.

— Inategemea mangapi.

Delfina hakucheka. Mwaka uliopita Remedios alikuwa na siku tisa duniani, akashikwa na homa. Doña Maeve alimkanda kwa kitambaa cha maji tangu asubuhi mpaka jua lilipoinama, na Don Orville akaendesha gari-nyumba mpaka mjini kutafuta dawa, akarudi nayo ameikumbatia kifuani kama yai. Hawakutaka hata asante. Walitaka kahawa tu, katika vikombe vile vya bluu.

— Mimi nasema wamegombana, akaendelea Redio. Mama kachukua usukani, kageuza, yuko njiani kurudi Kanada. Mzee kabaki na kiti chake chini ya mti wa miiba.

— Acha kamba zako, mzee! Wale wanashikana mikono hata wakienda chooni. Mimi naona wamepata dhahabu. Unadhani mtu anazunguka na ramani ya karatasi, barabara mbovu tupu, kwa kupenda mawe?

— Basi ni majasusi. Wanapima madaraja.

— Daraja gani la huku la kupimwa, bwana?

— Nyamazeni kidogo, akasema Delfina. Mtamwamsha mtoto.

Haikuwa kwa ajili ya mtoto. Alikuwa akimtazama Eleuterio, dereva wa lori la vitunguu ambaye wote humwita Kimya. Amekaa ukingoni mwa benchi tangu adhuhuri na kikombe cha kwanza, kahawa imepoa, hajainywa. Delfina akakimwaga, akamjazia cha moto, akakaa naye.

— Kaka Eleuterio, wewe ndiye uliyewaongoza kutoka kituo cha mafuta. Ilikuwaje?

Kimya akakizungusha kikombe.

— Niliwaambia wanifuate. Kwa mikono hivi, maana Kihispania chao ni cha salamu na kahawa. Wakanifuata vizuri. Tulipofika mwinuko wa La Viuda, lori likawa linatambaa. Nikaona aibu, wazee wa watu wanakula moshi wangu. Mbele kweupe, hakuna gari. Nikawawashia taa ya kushoto wanipite.

— Ulifanya vizuri, akasema Nati. Ndiyo heshima ya barabarani.

— Hawakupita. Nilikata kona, nikatazama kioo, hakuna mtu. Nikawangoja juu robo saa. Nikasema wanapiga picha zao. Nikaja.

Akakiweka kikombe chini. Halafu akasema, kwa sauti iliyowafanya wote wasogee:

— Sikuona vumbi. Sikusikia kishindo. Simu haishiki kule. Lakini kama waliingia upande wa pili wa barabara, likatokea gari, nami ndiye niliyewaita...

— Usijitwike hatia, mwanangu, akasema Redio.

Hapo ndipo alipofika Ofelia, nesi mpya wa zahanati, aliyehamishwa kutoka Tijuana wiki ile. Alikuja kununua mkate. Delfina akamsimulia kwa ufupi, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza.

— Samahani, wakubwa zangu, mimi sijui kuendesha, akasema Ofelia. Hiyo taa ya kushoto, kwa nyinyi ni kumwambia wa nyuma apite?

— Kila dereva anajua hilo, binti, akasema Nati.

— Hata wa Kanada?

Kimya akainua kichwa.

— Kwetu mimi naona taa ya kushoto mtu akikata kushoto. Na wao wameambiwa wafuate. Pale La Viuda, kushoto kuna nini?

— Barabara ya kale, akasema Kimya taratibu. Ile ya magari ya mgodi.

Delfina akavitazama vikombe vya bluu. Barabara ya kale! Wangeifurahia kama watoto.

— Daraja lake lilikwenda na mafuriko ya Septemba, akasema. Ni korongo tupu.

— Jamani, akasema Ofelia, hapakuwekwa kibao cha kuonya?

Kikombe cha Redio kikasimama nusu ya safari. Nati akatazama viatu vyake. Kisha wakainuka, mmoja baada ya mwingine. Mto wa Delfina ukaanguka mavumbini. Wakalipindua bati, na herufi nyeusi zikatoka juani baada ya miezi minne: IMEFUNGWA. HAKUNA DARAJA.

— Lilikuwa limelala chini, akasema Nati. Upepo ulishaling'oa. Nikasema ni bati zuri...

— Lipakie, akasema Kimya.

Wakalipakia juu ya vitunguu. Delfina akapanda na mtoto, chungu kati ya miguu, vikombe viwili mapajani. Njia nzima Redio alilishika bati kwa mikono miwili.

Alama za matairi zilikata kushoto pale pale. Kimya akaenda pole pole, kichwa nje ya dirisha. Baada ya kona ya pili akakanyaga breki.

Katikati ya njia palikuwa na viti viwili vya kukunja, na juu yake kitambaa chekundu cha meza, kimefungwa kwa kamba ya nguo kisipeperuke. Mbali kidogo gari-nyumba limesimama, mawe chini ya magurudumu, na hatua kumi mbele yake nchi imekatika. Pale hapakuwa na nafasi ya kugeuza hata mkokoteni.

Doña Maeve akaja akikimbia, akamchukua Remedios kwanza. Don Orville akakieleza kile kitambaa kwa Kihispania chake cha salamu na kahawa:

— Mwingine kuja. Mwingine asianguke.

Delfina akamimina kahawa katika vikombe vya bluu. Doña Maeve akamwona Nati amebeba bati peke yake, jasho likimtoka. Akakivuta kiti kimoja, akakifuta vumbi kwa upindo wa sweta, akampungia mkono: keti, keti.

Nati hakuketi. Alisimama amelikumbatia lile bati mpaka Kimya alipomaliza kuchimba shimo la kulisimika.