Bi Wasiwasi na Daftari la Majibu

Ndugu, majirani, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, familia imemtuma binti mkubwa wa marehemu awasomee maisha ya mama yake, na imemwomba asome polepole, kwa kuwa tangu Jumapili yamesemwa mengi kwenye mabenchi ya zahanati yetu, kwamba daftari la majibu ya vipimo limemwua mwenye daftari, kwamba daktari alijua akanyamaza, na tayari wajumbe watatu wa kamati ya wagonjwa wamejitoa, na wako wanaosema hawafuati tena majibu yao, ya nini kujisumbua. Haya mtakayoyasikia marehemu aliyataka yasomwe, aliyasimamia mwenyewe yakiandikwa, na alisahihisha tarehe mbili.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne na wa kike pekee, na mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa amekunja uso kama mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani. Alianza shule ya msingi Januari 1964, ile iliyo mkabala na ghala la nafaka, akamaliza mwaka 1970, akajiunga na sekondari ya wasichana na kuhitimu Novemba 1974, na katika miaka yote hiyo hakuchelewa hata siku moja, si kwa bidii kama walivyoandika walimu kwenye ripoti, bali kwa kuogopa kwamba geti litafungwa yeye akiwa nje. Wenzake wakamwita Wasiwasi, jina likamganda, naye badala ya kukasirika akawa anawajibu kwamba wasiwasi ndiyo akili, na wengi wenu mmemjua kwa jina hilo tu, la kwenye cheti hamlijui.

Tarehe 2 Juni 1975 aliajiriwa posta, akawekwa dirisha la barua za rejista, na hapo alikaa mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, miaka thelathini na sita juu ya kiti kimoja ambacho mto wake aliushona upya mara nne. Kwa vijana ambao hawakuikuta kazi hiyo, barua ya rejista haikutupwa kwenye sanduku, iliandikiwa mstari wake daftarini, na mwenyewe alikuja na kitambulisho akasaini mbele ya karani, na mstari usio na saini marehemu aliubeba kichwani mpaka nyumbani, akila huku anaufikiria, hata mumewe akawa anamtania mezani, "Mama watoto, leo tunakula na barua ngapi?"

Mume huyo walifunga naye ndoa tarehe 20 Desemba 1980, fundi wa pampu za maji, mpole, mwenye sauti nene, aliyefika dirishani kuchukua kifurushi cha vipuri na wiki iliyofuata akarudi bila kuwa na kifurushi chochote cha kuchukua. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti anayewasomea, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1982, na mdogo wake, fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1985, ambao wote wawili walikuwa wakikimbizwa zahanati kwa kupiga chafya mbili, na marehemu ameacha wajukuu wanne waliorithi mtindo huo wa kupelekwa.

Mwezi Juni mwaka 2011 mumewe alianza kuvimba miguu, na tarehe 4 Julai alipimwa damu na mkojo kwenye zahanati yetu ya mtaa. Wakati huo utaratibu ulikuwa mmoja, mgonjwa asipoitwa ajue yuko salama, na marehemu, ambaye kazini hakuwahi kuamini barua isiyo na saini, mara hiyo moja aliamini, kwa sababu yaliyosemwa yalisemwa na watu wenye makoti meupe, na kwa sababu mumewe alimwambia, "Ukiona kimya, shukuru." Mumewe hakuitwa Julai, hakuitwa Agosti, na alifariki tarehe 9 Novemba 2011, figo zote mbili zikiwa zimechoka.

Jumatatu tarehe 16 Januari 2012 marehemu alikwenda zahanati, akachukua namba kama mgonjwa, akasubiri kwa muda wa saa tatu, na zamu yake ilipofika akamwomba daktari amwonyeshe mahali majibu yanapokaa. Daktari huyo alikuwa na miezi miwili tu kazini, na ingawa sasa mvi zimemwingia bado tunamwita Daktari Kijana, angeweza kumwambia mama huyu arudi kesho, lakini aliinuka naye wakaenda mezani pa mapokezi, akaivuta droo ya chini kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa imekwama, na ndani wakakuta bahasha sitini na tatu, ya mumewe ikiwa ya kumi na moja kutoka juu. Daktari alikaa chini sakafuni. Marehemu hakupiga kelele, aliuliza swali moja tu, "Mwanangu, hizi nani amezisainia?"

Swali hilo ndilo lililozaa kamati ya wagonjwa, wakiwamo na wahudumu, ambayo ilikaa mara ya kwanza Jumatano tarehe 8 Februari 2012, katika ukumbi wa kusubiria, wagonjwa wakiwa wameshaondoka, naye akachaguliwa mwenyekiti kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuja na kalamu. Si kwamba mambo yalikwenda kama maji, maana Sista, muuguzi mkuu, alisema wazi kuwa wagonjwa hawana shughuli na karatasi za wagonjwa wenzao, na alikuwa na haki, siri ya mtu ni siri, mtaalamu wa maabara alinung'unika kwamba sasa wamegeuzwa matarishi, na fundi viatu, mjumbe upande wa wagonjwa, kwa vikao vinne mfululizo hakutaka kuzungumzia chochote ila feni. Hatimaye walikubaliana, daftari lenye namba bila jina wala ugonjwa, bahasha iliyofungwa, mstari mmoja kwa kila kipimo, saini ya kupokea, na mstari ukipita siku kumi ukiwa mtupu, Sista amtume mjumbe akabishe hodi kwa mwenye bahasha. Feni nayo ilinunuliwa. Baada ya mwaka mmoja mistari mitupu ilikuwa minne, na marehemu aliijua yote kwa moyo, haimpi usingizi wa mchana. Yupo hapa seremala aliyejificha nyuma ya mbao zake mwenyewe asimwone, marehemu akakaa kwenye benchi la karakana asubuhi nzima mpaka jamaa akavaa viatu wakaenda, ikawa ni kifua kikuu, akatibiwa akapona, na leo ndiye aliyepanga viti hivi.

Sasa familia inaomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo penye maneno. Agosti 2023 marehemu alihisi uvimbe kwenye titi la kushoto, Daktari Kijana akamwandikia aende hospitali kuu, akachukuliwa kinyama cha kupimwa, na majibu yakarudi zahanati yakiwa kwenye bahasha iliyofungwa. Jumanne tarehe 5 Septemba alipewa bahasha hiyo dirishani, akasaini mstari wake kwa mwandiko wake ule ulionyooka, akaenda nayo nyumbani, akaiweka kabatini chini ya mashuka, na hakuifungua. Mtu aliyebisha milango ya watu kwa miaka kumi na moja aliogopa karatasi yake mwenyewe. Alisimulia baadaye kwamba kila asubuhi alifungua kabati, akagusa mashuka ya juu, akafunga, akajiambia atangoja mpaka mjukuu amalize mitihani, kisha mpaka mvua zipite, kisha mpaka mwaka uishe, na hofu ikawa inakula naye mezani kuliko barua zote za posta.

Daktari Kijana hakuijua siri hiyo. Aliona saini, akamwuliza kikaoni, "Mama, yale majibu vipi?" naye akajibu, "Tutaongea, mwanangu, tuanze kikao kwanza," akamwuliza tena Novemba akapata jibu lile lile, na baada ya hapo heshima ikamfunga mdomo, kwani utamhojije mama wa umri ule, mwenyekiti wako, tena aliyekwisha kusaini. Daftari nalo, ambalo kazi yake ilikuwa kutushtua kwa mistari mitupu, halikuwa na la kusema. Kwa karani wa posta kazi huisha barua inapobadilisha mikono, mwenyewe akiifungua au asiifungue hayamhusu karani, na huo ndio utaratibu aliouleta zahanati kwa mikono yake, na sisi sote, pamoja na madaktari wetu, hatukuliona tundu lake.

Jumanne tarehe 2 Aprili 2024 binti yake alikwenda kabatini kutafuta shuka la mgeni, akaikuta bahasha, wakaifungua pamoja wamekaa kitandani, na kesho yake Daktari Kijana alifuatana nao mwenyewe hospitali kuu. Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Madaktari walisema bila kuzunguka kwamba miezi saba kabla wangekuwa na mazungumzo mengine. Daktari Kijana aliandika barua ya kuacha kazi, akaileta nyumbani kuaga, marehemu akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akamwambia, "Kosa tuligawane, mwanangu, usilibebe peke yako ukakimbia nalo," na tangu siku hiyo, kati ya dawa na dawa, walikaa wawili wakichora kwa rula safu ya pili kwenye daftari jipya, kwamba bahasha itafunguliwa mgonjwa akiwa ameketi na daktari au muuguzi, mgonjwa aseme kwa maneno yake alichoelewa na anakwenda wapi baada ya hapo, ndipo wote wawili wasaini. Safu hiyo haijatumika, maana kamati haijakaa tangu Julai, na kikao kimepangwa Jumatano ijayo, watakaokuja hatujui ni wangapi.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Siku nne kabla, binti yake alimwuliza kama habari ya bahasha iachwe, watu wamkumbuke kwa mazuri, naye akakasirika kwa nguvu ambazo hatukujua bado anazo, akasema, "Usinipambe. Soma yote. Wakimlaumu daktari hawatakwenda kuchukua majibu yao, na mimi nitakuwa nimeua watu huko nyuma nikiwa nimelala."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, Daktari Kijana, ambaye tunamwomba mbele yenu wote asiondoke, Sista, aliyekuja kila Jumamosi kumwosha marehemu nywele bila kuitwa na mtu, majirani mlioacha shughuli zenu, wastaafu wenzake wa posta mliofika kabla ya wote kama kawaida yenu, na wajumbe wa kamati, mliobaki na mliojitoa.

Hadi jana jioni daftari lilikuwa na mistari tisa isiyo na saini, na baadhi ya wenye mistari hiyo mmekaa hapa. Mmoja ni wa binti anayewasomea, aliyepimwa wiki tatu zilizopita kwa sababu ya ugonjwa wa mama yake, na bahasha yake imefika tangu Alhamisi, naye hajaenda kuichukua. Kesho saa tatu asubuhi ataketi mbele ya daktari, ataifungua, atasema alichoelewa, na watasaini safu zote mbili. Anawaomba wale wanane wengine, yeyote anayeogopa, wafuatane naye, kwa kuwa peke yake hana hakika kama miguu itamfikisha.

Wewe, mama, umesubiri vya kutosha. Pumzika kwa amani.