Bi Tabia binti Mikidadi, Aliyeuza Nyumba ya Unguja Akahamia Hemani

Bismillahi Rahmani Rahimi. Masheikh, wazee wa Msata, majirani wa Lugoba na Miono, na nyinyi mliotoka Bagamoyo kwa miguu katika matope haya, anayewasomea ni Muhidini bin Mikidadi, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na mkimwona anakwama mahali mvumilieni, kwa kuwa katika habari hii naye amo, na hakutenda vizuri.

Bi Tabia alizaliwa Bagamoyo, mwezi tano Rajabu, yaani siku ya tano ya mwezi huo, mwaka 1250 wa Hijria, mtoto wa kwanza wa Mzee Mikidadi, fundi wa kuunga mifupa, akatiwa chuoni ana miaka saba, akakhitimu Kurani ana miaka kumi, na jioni baba yake akimfunga kitambaa machoni, akampa miguu ya kuku iliyovunjika aipapase, aseme ufa uko wapi, naye hakukosea hata siku moja, wakati mdogo wake akikosea kila mara na kusingizia kuku.

Mwezi kumi Mfungo Mosi, yaani Shawali, mwaka 1267, aliolewa na Bwana Salumu bin Abdala, mfanyabiashara wa karafuu, akavuka naye hadi Unguja, mtaa wa Malindi, katika nyumba ya mawe yenye ghorofa mbili, wakajaliwa watoto wawili, Rajabu, aliyechukuliwa na ndui mwaka 1275, na Mina, ambaye leo ni mke wa watu Pangani, habari imempata na yuko njiani. Katika nyumba ile Bi Tabia aliwaunga walioanguka mikarafuuni, na Bwana Salumu alipofariki mwaka 1296, nyumba ilikuwa mali yake, kwa kuwa mumewe alikwisha kumpa hiba mbele ya kadhi.

Mwaka 1298 aliletewa mpagazi, jina lake Bwanaheri, aliyevunjika mguu huku bara, akabebwa mpaka pwani, akavushwa bahari, na alipofikishwa Malindi mfupa ulikuwa umekwisha kushikana kombo, Bi Tabia akaupapasa, akamwambia kwamba umechelewa, kisha akalia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Baada ya hapo kila alipokaa barazani alisema mfupa haumngojei mtu avuke maji, na mwezi tisa Mfungo Nne, mwaka 1299, aliiuza nyumba, akampa Mina fungu lake, akanunua punda, hema na majora ya kaniki ya kufungia magango, vile vijiti vya kunyooshea mfupa, akarudi pwani ya Mrima na kushika njia ya bara, Bwanaheri na mkewe Tatu wakimwongoza.

Jamaa walishikwa na butwaa, mjane wa kiungwana alale hemani, na Muhidini, mbele ya ukoo mzima, alimwuliza siku akifa ufuo wake, lile shimo la kupokea maji ya josho la maiti, utachimbwa katika sakafu ya nani, akaongeza kwamba kwake asihesabu. Dada alicheka, akasema maiti hachagui sakafu, akamwomba amsaidie kumpakia punda mizigo. Muhidini hakumsaidia.

Kwa miaka mitano Bi Tabia alizunguka Msata, Lugoba na Miono, akipiga hema penye mgonjwa, na hakukaa mahali siku nyingi kuliko mfupa ulivyotaka. Wapo hapa wanaotembea wima kwa sababu yake, na wanajijua.

Mwezi ishirini Mfungo Nane mwaka huu wa 1304, akiwa Lugoba, alishikwa na homa ya kifua, wapagazi aliowaunga wakambeba hadi Msata, na Muhidini alipopata habari alikuja na machela na watu wanane kumrudisha nyumbani, akafika Jumanne, mwezi kumi na mbili Mfungo Tisa, jua limekwisha kupanda, akaambiwa kwamba dada alikata roho alfajiri.

Alipouliza josho litafanyika wapi alikuta ufuo umekwisha kuchimbwa, tena si mmoja, bali mitatu, kwa Chausiku na kwa Dadi, ambao aliwaunga hapa Msata, na kwa Bwanaheri, watu waliovunja sakafu zao wenyewe maiti angali hajaingia, na kila mmoja akidai Bi Tabia ni wake. Wanawake walichagua kwa Bwanaheri, kwa kuwa ni karibu na kisima, na aliyeuchimba ni yeye mwenyewe, akisimamia mguu ule ule ambao Bi Tabia hakuweza kuunyoosha. Mashimo mawili yaliyobaki aliyafukia Muhidini, akilia, na neno lake la siku ile, kwamba kwake asihesabu, analifuta leo mbele yenu.

Tunawashukuru waganga waliomtazama, Tatu aliyemwosha, majirani waliopika, wapagazi waliombeba, na wote waliofika. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampe makao mema. Pumzika, dada, usiwe na haraka, hema amelikunja Muhidini kwa mikono yake, na punda safari hii amempakia yeye.