Mzee Obadia Shekiondo, Aliyepokea Wageni Akitembea

Ndugu, jamaa na majirani wa Kabuku, nasoma nikiwa nimechoka, mtanivumilia. Mimi ni Loyce, mtoto wa kwanza wa marehemu.

Mzee Obadia Shekiondo alizaliwa Bumbuli, tarehe 14 Machi 1938. Alisoma shule ya misheni hukohuko hadi darasa la nne, mwaka 1952, akaishia hapo kwa kukosa karo.

Mwaka 1956 aliteremka Korogwe kukata mkonge. Alitusimulia kwamba kule juani hapakuwa na mti wa kuegemea, na wenzake wengi walizeeka mapema. Alipopata shamba hapa Kabuku mwaka 1974, alifyeka kote isipokuwa pembe moja yenye mikuyu na mivule. Kila alfajiri, kabla ya kutia kitu kinywani, aliizunguka. Mgeni hakupewa kiti. "Shikamoo utanipa njiani," alimwambia, na hata washenga waliokuja kunichumbia walieleza haja yao wakihema nyuma yake. Alikula ugali kwa mlenda au mchunga, na chai yake haikujua sukari. Hadi mwaka jana, presha aliisikia kwa majirani tu.

Alifunga ndoa na Mama yetu, Dorkasi, mjini Korogwe, Agosti 1963. Mama alitutoka mwaka 2011. Baba akaongeza mzunguko wa jioni.

Januari mwaka huu alipooza upande mmoja. Nimemgeuza, nimemwogesha, nimemsogezea kitanda mlangoni aione miti yake. Mwili umeniisha. Mdogo wangu Kaleb alitaka pembe ile ifyekwe, ipandwe mkonge. Baba hakugombana naye.

"Mkonge utakupa hela," alimwambia. "Ukizeeka, utapumzika chini ya nini?"

Baba alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka 87.

Nilijua miti nayo imekwisha, maana kuni za msiba hukatwa shambani kwa marehemu, na mwenye kauli sasa ni Kaleb. Jana vijana walikwenda na mashoka, wakamkuta Kaleb amekaa katikati ya kijia kinachoizunguka pembe ile.

"Kuni tafuteni kwingine," aliwaambia. "Hapa Baba alikuwa anatembea."

Nilipoletewa habari hiyo nililia, mara ya kwanza tangu Januari.

Marehemu ameacha watoto watatu, Loyce, Kaleb na Yordani, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wanne. Mtakaokuja kesho alfajiri kutupa pole, hamtatukuta nyumbani. Mtatukuta kwenye mikuyu.

Pumzika sasa, Baba, kwa amani. Kuzunguka tuachie sisi.