Mlango Tuliosukumiwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Afya Drummond, karibu chuoni kwetu. Umevuka theluji ya Toronto kuja kutupongeza. Tunashukuru, ila pongezi zenyewe zimetukaa kooni.

HISTORIA YETU

Sisi ni madaktari kutoka Shiraz, Lahore, Kharkiv na Iloilo. Tulipohamia hapa tulifanya mitihani yenu tukafaulu, kisha tukaambiwa nafasi za mafunzo ya vitendo hospitalini hakuna. Ndipo tukaonyeshwa mlango huu, chuo cha tiba asilia.

MAFANIKIO

Tumehitimu wote. Mimea na lishe tumevisoma kwa moyo, wala hatuibezi elimu hii. Wapo kati yetu walioipenda. Wengi tulisukumwa.

CHANGAMOTO

Mwenzetu Lourdes Macaraeg alikuwa daktari wa uzazi kule Iloilo. Novemba, katika kliniki ya chuo, alikuja Bi. Manjit Dhaliwal akiomba dawa ya mitishamba ya tumbo. Lourdes alimpapasa, akamuuliza maswali mawili matatu, akajua mimba imetunga nje ya kizazi. Akampeleka hospitali mwenyewe, akaomba apasuliwe upesi. Mapokezi wakamuuliza yeye ni nani.

"Ni daktari."

"Wa hapa?"

"Wa Ufilipino."

"Basi mama, kaa pale na wagonjwa wengine usubiri."

Wakakaa. Bi. Manjit alizimia kitini, damu ikimjaa tumboni, ndipo wakamkimbiza. Alipona, lakini mrija mmoja wa uzazi umekatwa, naye alikuwa bado hajapata mtoto hata mmoja. Lourdes naye akapewa onyo na chuo kwamba amevuka mipaka ya mafunzo yake.

Mheshimiwa, mipaka hiyo nani aliiweka? Mbona kila mwaka tunasikia wananchi hawana madaktari, na madaktari tumekaa hapa mbele yako?

MAOMBI

Hatuombi kurahisishiwa mitihani. Tunaomba nafasi hospitalini, tusimamiwe, tupimwe kwa kazi. Na anayetaka tiba asilia aingie kwa kuipenda, si kwa kufungiwa kwingine.

Risala hii ilikuwa aisome Lourdes. Tulimsihi asubiri ujio wako, akasema, "Nimechoka kuomba ruhusa ya kujua ninachokijua." Jumamosi alipanda ndege. Sasa yuko wodini Iloilo, anazalisha.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na siku utakayougua akukutanishe na daktari anayeruhusiwa kukutibu.

Ni sisi,
Madaktari Wahamiaji, Wahitimu wa Tiba Asilia, Toronto.
Imesomwa na Farideh Golabchi.